Makande ya Ijumaa Jioni

Kwetu Upare, Ijumaa jua likiinama, mama aliepua chungu cha makande, akakifunika, akaufukia moto majivuni. Kuni zilishapasuliwa, maji yalishatekwa. Tangu hapo hadi jua la Jumamosi lizame, hakuna aliyegusa jembe. Sabato hiyo ililetwa na wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani, waliofika milimani mwetu mwaka 1903. Walikuta Kiswahili kimekwisha kuhesabu siku zake kuanzia baada ya Ijumaa ya Waislamu, ndiyo maana siku ya saba ya mama inaitwa Jumamosi, yaani siku ya kwanza. Jirani yetu Mwislamu alifunga duka kwa swala ya Ijumaa, kisha akalifungua. Dini yake inamruhusu kurudi kwenye riziki. Lakini siku ya mapumziko iliyotawala ofisini tangu ukoloni ni Jumapili.

Nilipoajiriwa dukani Dar es Salaam niliomba Jumamosi, nikaambiwa nichague sala au mshahara. Niliacha kazi, na iliniuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 24 za mapumziko kila wiki, bila kutaja siku. Waajiri, waulizeni watu wenu siku yao ni ipi.