Superman II: Nani Mwenye Filamu?

Sisi wa fasihi tumezoea kuuliza nani hasa mtunzi wa matini. Wahariri wa tenzi za kale walilinganisha miswada, huku beti zimeongezwa, kule zimeachwa. Hebu tuifanyie kazi hiyo filamu ya Superman II, maana kanda na diski zake za kutazamia nyumbani ni miswada ya aina yake.

Mwaka 1977 Richard Donner alianza kupiga picha za filamu mbili kwa mkupuo. Sehemu kubwa ya ile ya pili ilikuwa tayari, lakini alikuwa haelewani na watayarishaji, akina Salkind na Pierre Spengler, juu ya fedha na ratiba. Ya kwanza ilitoka Desemba 1978 ikavuna fedha kweli kweli, lakini Donner hakuitwa tena kumalizia. Akaletwa Richard Lester, akapiga upya mengi. Marlon Brando, aliyekuwa akidai mgao wa mapato, akafutwa kabisa. Maneno ya baba akapewa mama, yaani Susannah York.

Gene Hackman naye hakurudi. Ukumbini mwaka 1980 haikuwa rahisi kulitambua hilo. Nyumbani, ukiwa na rimoti, unasimamisha, unarudisha, kumbe! Kila unapouona vizuri uso wa Lex Luthor, hiyo ni kazi ya Donner. Kwingine ni mtu mwingine kageuza kisogo, na sauti ya kuigiza.

Mwaka 2006 lilitoka kwenye DVD toleo lenye jina la Donner, na Brando akarudi. Wapenzi wake wanasema hii ndiyo filamu halisi. Mimi sikubali. Halisi ipi, wakati haikuwahi kumalizwa? Onyesho la Lois kumfyatulia Clark bastola hotelini Donner hakuwahi kulipiga, kwa hiyo zimetumika picha za majaribio ya kuwachagua waigizaji: Christopher Reeve mwembamba, nywele zikibadilika kutoka sentensi moja hadi nyingine! Kurudisha nyuma wakati, mwisho uliokusudiwa kwa filamu ya pili, kulikwisha hamishiwa ya kwanza. Toleo la 2006 limekurudisha, basi sasa filamu zote mbili zinakwisha kwa hila ile ile.

Donner alidhulumiwa, sibishi. Lakini hata humo, chini ya jina lake, vipande vya Lester vimebaki, kwa sababu pasipo hivyo hadithi ilikuwa haiungani.