Bibi Aliyeomba Asifunuke: Kifafa, Stara na Vifaa vya Leo



Zama za Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alikuwako mwanamke mweusi aliyekuwa akishikwa na kifafa. Habari yake ameipokea Ataa bin Abi Rabah kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), nayo imo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim. Bibi huyu alimshitakia Mtume mambo mawili: kwamba huanguka, na kwamba akianguka hufunuka mwili. Mtume akampa khiyari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri. Lile la pili, hata hivyo, hakuliacha. Aliomba aombewe asifunuke, na Mtume akamuombea.

Darsani tunafundishwa hadithi hii kwa ajili ya subira, na ndivyo. Lakini ndani yake mna funzo jengine: mgonjwa mwenyewe ndiye anayejua ni lipi linalomuumiza zaidi, na alipolisema, alisikilizwa.

Wataalamu wa vifaa walichukua muda mrefu kulifikia jambo hilo. Mwaka 1924 Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alirekodi kwa mara ya kwanza umeme wa ubongo wa binadamu, akaitangaza kazi yake mwaka 1929. Kipimo hicho kikaja kuwaonyesha madaktari kwamba anayeanguka hana pepo kichwani; ni umeme wa ubongo uliovurugika kwa muda. Mwaka 1997 Marekani iliruhusu kifaa kidogo kinachopandikizwa kifuani, chini ya ngozi, cha kuamsha mshipa wa fahamu ili kupunguza kuanguka. Yote hayo ni makubwa, lakini ni mambo ya hospitali. Hofu ya kuanguka peke yako chumbani, pasipo mtu kujua, ilibaki pale pale.

Hatua ya kuiendea hofu hiyo ilitoka kwa mwanamke. Profesa Rosalind Picard, wa chuo cha MIT huko Marekani, alikuwa akitengeneza bangili za kupima mabadiliko ya umeme wa ngozi. Mwanafunzi mmoja aliziazima wakati wa likizo amvishe mdogo wake, asiyeweza kusema. Picard alipotazama vipimo, akaona mkono mmoja umepanda kupita kiasi. Alipouliza, akaambiwa kijana alishikwa na kifafa. Utafiti uliofuata ukazaa saa ya mkononi inayohisi mtikisiko na umeme wa ngozi, kisha ikapeleka taarifa kwenye simu ya mlezi. Mwaka 2018 ikaidhinishwa Marekani. Haizuii kifafa, wala haifai kitu kama hapana wa kuja mbio. Kazi yake ni kumwita mtu.

Sasa tujiulize: angekuwa ni mwanamke wa visiwani kwetu ndiye anayeulizwa, angetaka nini? Huenda angesema mtandio unaoshika bila ya pini, maana pini huchoma mtu akitupatupa mikono. Suruali chini ya buibui. Jiko lisilopinduka. Mlango wa choo unaofunguka kwa nje. Na biharusi angetaka aliseme jambo lake kabla ya ndoa bila ya posa kurudi, kisha amuone daktari mapema kabla ya kubeba mimba, kwani baadhi ya dawa za kifafa, kama valproate, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiziache mwenyewe kwa ghafla, kwani hilo nalo ni hatari.

Hadi vifaa hivyo vitufikie, kila nyumba yetu ina doti ya kanga. Mtu akianguka, kunja moja uiweke chini ya kichwa chake. Ya pili mfunike. Ondoa vitu vya kumuumiza na legeza mtandio shingoni. Usimtie kijiko mdomoni, wala usimbane mikono. Ikitulia mitikisiko, mlaze ubavu. Ikipita dakika 5 bado anatikisika, mkimbizeni hospitali. Na watoto waliokusanyika kutazama, waondoe.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na atustiri sote. Amin.