Januari 1964: Juma Moja, Maasi Matatu

Jumatatu ya tarehe 20 Januari 1964, kabla hakujapambazuka, askari wa kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, waliwaweka chini ya ulinzi maofisa wao Waingereza, wakatwaa silaha na kuingia mjini. Alhamisi yake askari wa Jinja, Uganda, wakamshika waziri wao. Ijumaa zamu ikawa ya Lanet, karibu na Nakuru, Kenya.

Hawakuwa wageni wao kwa wao. Wote walikuwa wametoka tumbo moja, King's African Rifles, jeshi alilolianzisha Mwingereza mwaka 1902 na ambalo wazee wetu walizoea kuliita KAR. Siku za uhuru zilipofika lilibadilishwa jina tu. Batalioni ya sita ikawa Tanganyika Rifles, ya nne ikawa Uganda Rifles, na zile za Kenya zikawa Kenya Rifles. Maofisa walibaki wale wale. Tanganyika ilikuwa imeshatimiza miaka miwili ya uhuru, na mkuu wa jeshi lake bado alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas. Askari walidai mishahara mizuri na maofisa Waafrika. Kwa hilo la pili, sioni mtu mwenye akili timamu wa zama zile ambaye angewaambia wamekosea.

Tukizungumzia wanajeshi walioshika siasa za Afrika Mashariki, huwa tunaanza na Idi Amin na mwaka 1971, kana kwamba mwaka huo alidondoka kutoka mawinguni. Mimi naanzia kwenye juma hili la Januari. Madai yalikuwa mamoja, askari walikuwa wa malezi mamoja, lakini serikali tatu ziliwajibu kwa namna tatu, na kila jibu lilizaa siasa yake.

Dar es Salaam ilikuwa tupu kuliko kawaida. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa yametokea siku nane tu kabla, tarehe 12, na sehemu ya polisi wa Tanganyika ilikuwa imepelekwa huko kutuliza hali. Rais Julius Nyerere na makamu wake Rashidi Kawawa walifichwa ng'ambo ya maji, upande wa Kigamboni. Aliyebaki kuzungumza na waasi ni Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi. Alikwenda mwenyewe kwa watu wenye bunduki mikononi, akakubali Waingereza waondoke, akakubali pia kamanda waliyemtaka, Luteni Elisha Kavana. Maofisa wa Kiingereza wakapandishwa ndege kwenda Nairobi. Mjini maduka yakaporwa na watu wakauawa. Kesho yake batalioni ya Tabora nayo ikaasi.

Hapo Nyerere alifanya jambo lililomuuma kuliko yote. Aliomba msaada kwa Uingereza. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 25, makomandoo waliruka kwa helikopta kutoka meli ya kivita HMS Centaur wakatua Colito, na asubuhi ile ile maasi yakaisha. Kiongozi aliyezunguka Afrika akihubiri uhuru alikuwa amewarudisha askari wa mkoloni ndani ya nchi yake, na alikiri hadharani kwamba ni fedheha.

Uganda ilikwenda njia nyingine. Felix Onama, waziri aliyehusika na jeshi, alikwenda Jinja kuzungumza na askari, nao wakamzuia mpaka akakubali madai yao. Huko nako Waingereza waliitwa, kambi ikazingirwa. Lakini Waziri Mkuu Milton Obote aliitimiza ahadi iliyotolewa kwa kushikiwa bunduki: mishahara ikapandishwa sana. Maofisa Waafrika wachache waliokuwepo wakapandishwa vyeo haraka haraka, Shaban Opolot na Idi Amin wakiwa wa mbele. Amin hakuwa na elimu ya kijeshi ya maana. Alikuwa amepanda kutoka ngazi za chini za KAR, na tayari mwaka 1962 alihusishwa na mauaji ya wafugaji wa Turkana, kosa lililotosha kumfukuzisha jeshini. Obote alimwacha.

Tangu hapo siasa ya Uganda ikawa inapitia kambini. Februari 1966, Bunge lilipotaka uchunguzi wa dhahabu ya Kongo, kashfa iliyowataja Amin na Obote mwenyewe, Obote aliwakamata mawaziri watano wakiwa katika kikao cha baraza. Tarehe 24 Mei mwaka huo Amin aliongoza mashambulizi dhidi ya kasri la Mengo, na Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda aliyekuwa pia Rais wa nchi, akakimbilia Uingereza alikofia. Mwanasiasa alimtumia mwanajeshi kummaliza mpinzani wake, akadhani mwanajeshi angerudi kambini na kukaa. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alichukua nchi. Ilikuwa imepita miaka saba kamili, siku kwa siku, tangu helikopta zitue Colito. Obote alipata hifadhi Dar es Salaam.

Kuhusu Kenya nitakuwa mfupi, kwa sababu Jomo Kenyatta hakusitasita. Waingereza waliokuwa bado nchini waliizima Lanet haraka, waasi wakafikishwa mahakama ya kijeshi, na jeshi likabaki karibu na London kwa mafunzo na vifaa. Mwafrika wa kwanza kuongoza jeshi la nchi kavu, Joseph Ndolo, alikabidhiwa mwishoni mwa 1966. Wanajeshi walibaki nje ya siasa za wazi, ila utii huo ulivunjika 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga walipojaribu kumpindua Daniel arap Moi.

Tanganyika ilifanya jambo ambalo wenzake hawakulithubutu: ililivunja jeshi lote. Nyerere aliitisha mkutano wa dharura wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) Februari 1964, na askari wa Nigeria wakaja kulinda nchi badala ya Waingereza. Kwa miezi ile Tanganyika, na baada ya Aprili Muungano na Zanzibar, haikuwa na jeshi la kupigana. Vijana wa chama tawala, TANU, wakaandikishwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi, JWTZ. Mkuu wake, Mrisho Sarakikya, aliyesoma Sandhurst na aliyekuwa kapteni wakati wa maasi, hakuwa amefikisha miaka 31. Colito, jina la mapigano ya Ethiopia ya 1941 ambako Watanganyika walipigana chini ya Mwingereza, ikawa Lugalo, mahali Wahehe wa Mkwawa walipoliangamiza jeshi la Wajerumani mwaka 1891.

Askari mpya alikuwa mwanachama wa chama. Alisomeshwa siasa, akawa na makomisaa kambini, na akaweza kuteuliwa mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya au waziri, kama Sarakikya mwenyewe baada ya 1974. Jeshi hilo ndilo lililomng'oa Nduli Amin alipovamia Kagera Oktoba 1978, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wakuu wake walirudi nyumbani na wakaendelea kupokea amri za raia. Kwangu huo ni ushindi mkubwa kuliko wa Kampala.

Lakini gharama ipo, na isifichwe. Jeshi la chama halikuwa la kila raia. Aliyekuwa nje ya chama hakuwa na nafasi ndani yake. Wala halikuwa na kinga ya moja kwa moja dhidi ya uhaini. Kambona, yule aliyekwenda Colito, alikimbilia London 1967 na akatajwa mshtakiwa mkuu katika kesi ya uhaini ya 1970, pamoja na maofisa wa jeshi. Januari 1983 wanajeshi wengine walikamatwa kwa njama ya kuipindua serikali.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, wanajeshi waliamriwa kuchagua: bunduki au siasa. Abdulrahman Kinana, kanali, alichagua siasa. Luteni Kanali Jakaya Kikwete naye akavua magwanda, na miaka 13 baadaye wapiga kura wakamfanya Amiri Jeshi Mkuu. Hata hivyo maofisa wa jeshi wameendelea kuteuliwa wakuu wa mikoa na wilaya, ofisi ambazo kazi yake ya kila siku ni siasa, na sheria ya 1992 bado haijawauliza swali lile lile lililomkabili Kikwete.