Rangi ya Ngozi na Heshima ya Mtu

Huko Mbaha, mkoani Ruvuma, katika ufuko wa Ziwa Nyasa, mvuvi anayeshona nyavu na mama anayeanika usipa hushinda juani. Jua huwapiga kutoka juu, na maji huwarudishia mwanga usoni. Kinga yao ya kwanza ni weusi wa ngozi. Chembe maalumu za ngozi hutengeneza melanini, nayo huchuja mionzi mikali ya jua. Idadi ya chembe hizo hukaribiana kwa watu wote duniani. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya melanini. Ndugu yetu mwenye ualbino, aliyezaliwa na upungufu wa melanini, hana budi kuvaa kofia pana na nguo za mikono mirefu ili ajikinge na saratani ya ngozi.

Ukoloni ulitufundisha kuiona kinga hiyo kama aibu. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudia kupiga marufuku, tangu tarehe 1 Januari 1969, nguo fupi mno, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Shabaha ilikuwa heshima ya Mwafrika. Lakini katika mitaa ya Dar es Salaam baadhi ya wasichana walibughudhiwa, hata kuchaniwa nguo. Heshima haifundishwi kwa kumdhalilisha mtu. Na mkorogo haukutoweka.

Kilichohitajika zaidi ni elimu. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu na sabuni huzuia melanini isitengenezwe, lakini pia hupenya mwilini na kudhuru figo. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kuacha madoa meusi yaliyochanganyika na buluu, yasiyotibika kwa urahisi. Hivyo anayeukimbia weusi huishia kupata madoa mabaya zaidi.

Madoa yana sababu zake, na kuyazuia ni kuzijua. Chunusi isitumbuliwe, kidonda kitibiwe mapema, na uso ukingwe na jua kali. Madoa ya ujauzito aghalabu hufifia baada ya kujifungua. Doa linalobadilika umbo au kutoa damu lionyeshwe kwa mganga wa zahanati bila kukawia.

Mwalimu akiyaeleza haya darasani, mwanafunzi atakataa mkorogo kwa hiari yake, bila kuchungwa na mgambo. Naye atakapomtazama mama yake akianika usipa, atatambua kwamba rangi ile ni urithi unaomlinda.