Seli za kinga katika saratani ya mifupa

Seli za kinga ni seli, hasa seli nyeupe za damu, zinazolinda mwili dhidi ya magonjwa. Katika osteosakoma, saratani ya mfupa inayowapata hasa vijana wanaobalehe, mara nyingi karibu na goti, seli hizo zinaweza kuupinga uvimbe au kuusaidia.

Limfosaiti T huua seli za saratani zikizitambua. Makrofaji huweza kuzimeza, lakini uvimbe huweza kuzigeuza ziidhoofishe kinga na kuchochea mishipa mipya ya damu.

Mwaka 1891 daktari William Coley wa New York, Marekani, alianza kuwadunga wagonjwa wa sakoma bakteria ili kuamsha kinga. Mifamurtidi, dawa inayoamsha makrofaji, iliidhinishwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2009. Hata hivyo, tiba ya msingi ni upasuaji pamoja na kemotherapia.

Nchini Tanzania, Hospitali ya Bugando jijini Mwanza hutibu saratani kwa wagonjwa wa Kanda ya Ziwa, wakiwemo wa wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera. Maumivu au uvimbe wa mfupa usioisha unahitaji kupigwa picha ya eksirei mapema, kabla saratani haijaenea mapafuni. Kuchua hakuiondoi, bali huchelewesha tiba.