Historia ya Kitufe Kinachonyamazisha Gitaa



Mhariri ameniomba niandike habari ya kitu kidogo mno: kitufe ambacho mpiga gitaa la umeme akikibonyeza sauti yote hukatika, na akikiachia sauti hurudi. Wenyewe hukiita kilswichi, yaani swichi ya kuua. Mimi nitakiita swichi ya kukata sauti, maana hakuna anayekufa. Huenda mkauliza, kwa nini mtu anunue chombo cha kutoa sauti, kisha akitie kifaa cha kukinyamazisha? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika historia.

GITAA LILIVYOPATA UMEME

Katika bendi kubwa za Marekani za miaka ya 1920, gitaa lilikuwa mnyonge. Tarumbeta na ngoma zikianza, halikusikika tena. Mpiga gitaa mmoja wa Los Angeles, George Beauchamp, alishirikiana na Adolph Rickenbacker na wenzao, na mwaka 1932 wakaanza kuuza gitaa la umeme lenye tumbo dogo la duara na shingo ndefu. Watu walilipachika jina la Kikaango. Hataza yake ilitolewa mwaka 1937.

Siri yake ni ile mnayofundishwa katika fizikia. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba uga wa sumaku ukibadilikabadilika ndani ya koili ya waya, umeme huzaliwa katika waya huo. Chini ya nyuzi za gitaa huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Kifaa hicho huitwa pikapu, jina lile lile la gari la mizigo. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme mdogo sana huzaliwa, nao husafiri kwa waya hadi kwenye amplifaya, ambayo huukuza na kuupeleka katika spika.

Hapo yapasa tusimame kidogo. Tangu siku hiyo sauti ya gitaa haikuwa tena sauti ya mbao na nyuzi peke yake. Ilikwisha kuwa umeme, na umeme una sheria zake: waweza kuongezwa, kupunguzwa, na kukatwa. Kukata umeme ili kusema jambo halikuwa wazo geni. Mwaka 1844 Samuel Morse alituma habari ya simu ya maandishi kutoka Washington hadi Baltimore kwa kufunga na kufungua njia ya umeme kwa kidole. Vipande virefu na vifupi, pamoja na kimya kilicho kati yake, ndivyo vilivyokuwa lugha. Bila kile kimya pasingekuwa na herufi hata moja.

SWICHI ILIYOKUWAPO TAYARI

Mwaka 1952 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa lililopewa jina la mwanamuziki Les Paul. Lilikuwa na pikapu mbili, kila moja na volyumu yake, na swichi ya kuchagua ipi isikike. Waundaji walikusudia mpigaji abadilishe ladha ya sauti tu. Lakini wapigaji wadadisi waligundua kitu: ukishusha volyumu ya pikapu moja hadi mwisho na kuiacha nyingine juu, swichi ile hugeuka kuwa mlango. Upande mmoja sauti, upande wa pili kimya. Ukiipeleka huku na huku upesi, noti moja ndefu hukatika vipande vipande.

Pete Townshend wa kundi la The Who la Uingereza alifanya hivyo kwa gitaa la Rickenbacker katika wimbo uliotolewa mwaka 1965, Anyway, Anyhow, Anywhere. Sauti iliyotoka ilifanana sana na ile simu ya Morse.

Lakini si kila gitaa liliwezesha hila hiyo. Stratocaster ya Fender, iliyotoka mwaka 1954, ina pikapu tatu na volyumu moja tu kwa zote. Telecaster nayo, gitaa la kampuni hiyo hiyo, ina volyumu moja. Ukiishusha, pikapu zote zimenyamaza. Ukiipandisha, zote zasikika. Mwenye gitaa la namna hiyo aliyetaka kukata sauti hakuwa na budi kuongeza kitufe chake mwenyewe. Ndiyo maana historia ya swichi hii ni historia ya watu walioshika bisibisi.

MTOTO WA MKENYA

Aliyeipa hila hii heshima kubwa ana damu ya Afrika Mashariki. Tom Morello alizaliwa Harlem, New York, tarehe 30 Mei 1964. Babake ni Ngethe Njoroge wa Kenya, aliyekuwa katika ujumbe wa kwanza wa nchi hiyo kwenye Umoja wa Mataifa baada ya uhuru wa Desemba 1963. Mamake, Mary Morello, ni mwalimu Mmarekani aliyepata kufundisha Kenya. Baba alirudi kwao mtoto akiwa bado mchanga, na mama akamlea peke yake katika mji mdogo wa Libertyville, jimbo la Illinois.

Vijana, sikilizeni hapa. Morello alianza kujifunza gitaa kwa bidii akiwa na umri wa miaka 17, umri ambao wengi hudhani wamekwisha kuchelewa. Hakuacha masomo. Aliingia Chuo Kikuu cha Harvard, na huko alikuwa akifanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku juu ya kazi zake za darasani. Alihitimu mwaka 1986, kisha akaenda Los Angeles.

Mwaka 1991 kundi la Rage Against the Machine likaundwa, na albamu yao ya kwanza ikatoka mwaka 1992. Katika jalada waliandika wazi kwamba hawakutumia vinanda vya umeme wala sauti zilizonakiliwa kutoka santuri nyingine. Ilibidi waandike, kwa sababu wasikilizaji hawakusadiki kwamba milio ile ilitoka kwenye gitaa. Sehemu kubwa ya maajabu hayo ni swichi ya kuchagua ikichezeshwa huku na huku, kama mlivyoisoma hapo juu.

Mafunzo hayo hakuyachukua kwa wapiga gitaa peke yao. Tangu miaka ya 1970, vijana wa Bronx, New York, walikuwa wakizirudisha santuri nyuma na mbele kwa mkono na kukata sauti kwa swichi, wakafanya mashine ya kuchezea santuri kuwa chombo cha muziki. Morello aliitafsiri kazi ya vijana wale kwa nyuzi sita. Katika wimbo Bulls on Parade wa mwaka 1996 mkono mmoja wasugua nyuzi, na mwingine wachezesha swichi, hata ukadhani ni santuri inayokwaruzwa.

Wengine walikwenda mbele kwa kutoboa. Jonny Greenwood wa Radiohead ana kitufe kwenye Telecaster yake. Mpigaji aitwaye Buckethead alitia vitufe vyekundu vya mashine za michezo ya video, zile za kutumbukiza sarafu, na mwaka 2010 Gibson walitoa gitaa lenye jina lake likiwa na vitufe viwili vya namna hiyo. Mwaka 2020 Fender nao walitoa Stratocaster ya Morello ikiwa na swichi ya kukata sauti tangu kiwandani. Jambo lililoanzia mezani kwa wadadisi likawa limeingia katika orodha ya bei.

JINSI KINAVYOFUNGWA

Kazi yenyewe si kubwa. Kitufe kinachotakiwa ni cha kubonyeza na kuachia, kama cha kengele ya mlangoni. Ndani ya gitaa, kwenye tundu linapochomekwa waya wa amplifaya, kuna nyaya mbili: mmoja unaobeba sauti, mwingine wa ardhi. Kitufe hulehemiwa kati ya hizo mbili. Kikiwa kimeachiwa, ni kama hakipo. Kikibonyezwa, umeme wa sauti hupata njia fupi ya kurudi kwenye ardhi, na amplifaya haipati kitu.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kwa nini tusikate tu ule waya wa sauti? Kwa sababu waya uliokatwa huachwa ukining'inia mbele ya amplifaya, na hudaka mvumo wote wa umeme wa chumbani kama erio ya redio. Badala ya kimya utapata ngurumo. Kuunganisha na ardhi ndiko kunakoleta kimya safi.

Umeme ulio ndani ya gitaa la kawaida ni mdogo, hauwezi kumdhuru mtu. Hata hivyo chomoa waya kabla ya kuanza. Ama amplifaya, msiifungue kabisa. Hiyo yaweza kuhifadhi umeme wa kuua hata ikiwa imezimwa.

JAMBO LILILO MBELE YETU

Ningeweza kukomea hapa, lakini historia hii imetufikia mlangoni. Wanafunzi wa klabu ya muziki wameomba ruhusa ya kutia kitufe katika gitaa tulilowapa sisi wahitimu, nasi katika kamati tumegawanyika. Wako wanaosema zawadi haitobolewi. Wako pia wanaosema, na hoja yao si ndogo, kwamba sisi tuliokua tukimsikiliza Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz tulifundishwa kuwa sifa ya gitaa ni mtiririko, na kukatakata ni kuharibu.

Kuhusu mtiririko, nawaomba wenzangu wakumbuke kwamba hata mpiga ngoma hupimwa kwa mahali anapoinua mkono. Kimya kikiwekwa mahali pake ni sehemu ya mdundo. Na kuhusu kutoboa, hoja ya uchungu wa mali ni ya kweli. Gitaa ni moja, na shimo la ubaoni halizibiki likasahaulika.

Basi natoa shauri. Kwanza, vijana watengeneze kisanduku cha bati chenye matundu mawili ya waya na kitufe kimoja, kikae sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Hufanya kazi ile ile bila kugusa gitaa. Mguu hauna wepesi wa kidole, lakini kwa muhula mmoja tutaona kama shauku yao ni ya kweli. Pili, wakidumu nacho, tukumbuke kuwa gitaa letu ni la aina ya Stratocaster, na uso wake umefunikwa bamba la plastiki linalofunguliwa kwa skrubu. Linunuliwe bamba la pili, litobolewe hilo kwa keekee, baada ya kupima kwamba chini yake pana nafasi ya kutosha kitufe. Bamba la asili lihifadhiwe kabatini. Anayetaka gitaa lirudi lilivyokuwa atahitaji bisibisi na pasi ya kulehemu tu.

Tuliwapa chombo wajifunze, na kujifunza fizikia ya Faraday kwa pasi ya kulehemu mkononi ni kujifunza pia. Uamuzi ni wa mkutano mkuu. Mimi bei ya bamba la pili niko tayari kuilipa, na kura yangu mmekwisha kuijua.