Rude: fidhuli, safihi, mjuvi na mshenzi

Neno la Kiingereza rude latokana na Kilatini rudis, yaani kisichochongwa au asiyefunzwa. Ndiyo maana vitabu vya kale huweza kukiita hata kibanda rude, pasi na tusi lolote.

Kiswahili hakina neno moja linalolibeba lote. Mtoto anayemjibu mkubwa wake neno kwa neno, Unguja huitwa mjuvi. Mtu mzima mwenye kiburi na dharau ni fidhuli. Mwenye kutoa matusi, safihi. Aingiaye nyumba ya watu Mkunazini bila ya kupiga hodi "hana adabu" tu. Kumwita fidhuli ni kumzidishia.

Linalotaka hadhari ni mshenzi. Wafasiri hulikimbilia kwa kuwa linauma, kumbe linauma kuliko rude lenyewe. Katika Mji Mkongwe wa karne ya 19, muungwana alikuwa mtu huru wa mjini, na mshenzi ni mtu wa bara, aghalabu aliyeletwa kwa utumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Dharau ya neno ilibaki. Basi mhudumu wa hoteli aliyemjibu mgeni vibaya asifasiriwe kuwa mshenzi: mwandishi amelaumu tendo, mfasiri atakuwa ametukana asili. "Alimjibu kwa ufidhuli" yatosha. Hata "si muungwana", lisemwalo kila siku bila ya kinyongo, limetoka katika mgawanyo huohuo, ingawa wachache leo hulisikia hivyo.